Uzi umeisha lakini nafasi haijarudi: nani anasafisha?

Swali kutoka Tandahimba:

"Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu kwa lugha ya C inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ya ghala la korosho. Kila mzigo wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) unapopandishwa mizani, programu inafungua uzi mpya (thread, mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu). Uzi huo unasoma uzito, unauandika kwenye faili, unatoa risiti, kisha unaisha. Kompyuta ni ya zamani, ina Linux ya biti 32. Inaanza vizuri, lakini ikifika mzigo wa mia tatu na themanini hivi, pthread_create, amri ya kufungua uzi, inarudisha kosa la EAGAIN na hakuna uzi mpya unaofunguka. RAM nikiiangalia ipo tele. Nikizima programu na kuiwasha tena, inapona. Mimi nilijua kwamba uzi ukiisha, mfumo endeshi unasafisha kila kitu. Tena kuna siku uzi mmoja uliisha ukiwa umeshika kufuli (mutex, la kuzuia nyuzi mbili zisiguse data moja kwa pamoja), nyuzi nyingine zote zikaganda. Nani hasafishi hapa? Msimbo nimekutumia. Tena mwenzangu wa Lindi ataihamishia programu hii kwenye Windows."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kiini cha Linux (kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi) kinasafisha, na kwenye programu yako kimesafisha kila mara. Kilichobaki ni mali ambayo si yake. Uzi ukifunguliwa kwa pthread_create bila maelekezo ya ziada, unahesabiwa kuwa ni uzi wa kusubiriwa: maktaba ya C inaamini kwamba siku moja mtu atakuja kwa pthread_join kuuliza umeishaje na umeacha jibu gani. Mpaka mtu huyo aje, maktaba inautunzia uzi uliokwisha kumbukumbu zake pamoja na staki yake, yaani eneo la kumbukumbu ambalo uzi unafanyia kazi. Nimeupitia msimbo uliotuma: hakuna pthread_join hata moja, wala pthread_detach. Nyuzi zako zote zimekwisha, na staki zao zote bado zimeshikiliwa.

Sasa piga hesabu. Staki ya uzi mmoja kwenye Linux, usipobadilisha chochote, ni MB 8. Programu ya biti 32 kwenye kompyuta za aina yako ina nafasi ya anwani, yaani jumla ya anwani za kumbukumbu inazoweza kuzitumia, ya GB 3, kwa kuwa GB ya nne hutengwa kwa ajili ya kiini. MB 3072 ukigawa kwa 8 unapata 384. Toa nafasi inayochukuliwa na programu yenyewe pamoja na maktaba zake, na unafika kwenye mia tatu na themanini hivi uliyoiona kwa macho yako. Nilipoisoma namba hiyo kwenye swali lako sikuwa na shaka tena juu ya ugonjwa, maana ni hitilafu chache sana zinazojitaja kwa usahihi namna hii.

RAM ilikuchanganya kwa sababu nzuri. MB 8 za staki ni anwani zilizotengwa, siyo RAM iliyotumika. Kiini hutoa kurasa za RAM, KB 4 kwa KB 4, pale tu uzi unapozigusa, na uzi wako wa kusoma uzito unagusa kurasa chache mno. Tena uzi unapoisha, maktaba ya C huiambia Linux kwa madvise kwamba sehemu kubwa ya staki ile haina kazi tena, na RAM yake inarudi. Kwa hiyo ukiangalia RAM unaona ipo, na ni kweli ipo. Kilichokwisha ni anwani. Hata jina la kosa linapotosha kidogo: kiini kinakataa kwa ENOMEM, yaani nafasi hakuna, lakini maktaba inaligeuza kuwa EAGAIN, kosa linalomwambia mtu ajaribu tena baadaye. Kwako hata ungejaribu tena mpaka usiku, jibu lingekuwa lile lile.

Usiniamini kwa maneno tu. Programu ikiwa inafanya kazi, fungua faili la /proc/PID/status, mahali pa PID ukiweka namba ya mchakato wako, yaani programu yako ikiwa inaendeshwa. Tazama mistari miwili: Threads na VmSize. Threads itakuambia zipo nyuzi mbili au tatu, kwa maana kiini kimeshazifuta nyingine zote kwenye hesabu zake. VmSize itakuwa inapanda kwa MB 8 na kidogo kila mzigo unapopimwa. Halafu fungua /proc/PID/maps: utakuta safu ndefu ya vipande vya ukubwa ule ule, na chini ya kila kimoja ukurasa mmoja usioruhusiwa kusomwa wala kuandikwa. Huo ni ukurasa wa ulinzi, kazi yake ni kuukamata uzi unaovuka mpaka wa staki yake. Hesabu ndogo ya nyuzi pamoja na VmSize inayopanda bila kushuka ndiyo dalili ya ugonjwa huu.

Unaweza kuuliza kwa nini uzi wenyewe usiirudishe staki yake unapoondoka. Kwa sababu bado unaitumia. Anayepogolea mkorosho hawezi kukata tawi alilosimamia. Ama ahamie tawi jingine, ama lisubiri mwenzake. Maagizo ya mwisho ya uzi, hata lile la kumwita kiini aufunge, yanahitaji staki ya kusimamia. Ukiifuta staki kwanza, agizo linalofuata litaanguka na mchakato mzima utauawa kwa kosa la kumbukumbu. Nyuzi za kwenye mfumo wowote zina tatizo hili, na sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha imejengwa kulizunguka.

Twende hatua kwa hatua. Fanksheni ya uzi wako ikirudi, maktaba ya C ndiyo inayoanza kazi. Ungekuwa umetoka kwa pthread_exit au uzi umefutwa njiani, kwanza zingeitwa fanksheni za usafi ulizosajili kwa pthread_cleanup_push. Kisha zinafuata zile zinazoharibu data binafsi za uzi zilizowekwa kwa pthread_setspecific. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: fanksheni hizo zinaweza kuweka data mpya zikiwa kazini, hivyo maktaba huzizungukia tena, na kwenye Linux mwisho ni mizunguko 4. Data iliyobaki baada ya hapo inaachwa. Baada ya hayo RAM ya staki inarudishwa kwa madvise kama nilivyosema, na uzi unaita mlango wa exit wa kiini. Huo ni mlango wa kufunga uzi mmoja tu. Kufunga mchakato wote kuna mlango mwingine, exit_group, na ndio unaoitwa main ikirudi.

Ndani ya kiini, uzi unawekewa alama kwamba unaondoka. Kisha unaachia, kimoja baada ya kingine, vitu ulivyokuwa ukivitumia pamoja na wenzake. Neno la kushika hapa ni kuachia. Ramani ya kumbukumbu ya mchakato ina hesabu ya wanaoitumia. Hesabu inapungua kwa mmoja, ramani inabaki. Jedwali la mafaili yaliyofunguliwa nalo ni hivyo hivyo: hesabu inapungua, mafaili yanabaki wazi. Muda wa CPU uliotumiwa na uzi unajumlishwa kwenye akaunti ya mchakato ili usipotee. Na katikati ya hayo kiini kinafanya kitendo kidogo ambacho join nzima imesimama juu yake: kinakwenda kwenye anwani ambayo maktaba ilimpa wakati uzi unazaliwa, mahali ilipoandikwa namba ya uzi, kinaandika sifuri, halafu kinamwamsha yeyote aliyelala akiisubiri anwani hiyo.

Sifuri ile ni ahadi. Maana yake ni kwamba uzi huu hautagusa tena kumbukumbu ya upande wa programu, staki ikiwemo. pthread_join inalala ikiisubiri sifuri, inaamka, inachukua jibu la uzi, ndipo staki inarudi mikononi mwa maktaba. Uzi uliofunguliwa ukiwa huru, bila kusubiriwa, huiweka staki yake wenyewe kwenye orodha ya staki za kutumika tena, lakini maktaba haimpi mtu staki hiyo kabla sifuri haijaandikwa. Utaratibu huu haukuwepo tangu mwanzo. Maktaba ya zamani, LinuxThreads, ilikuwa inaweka uzi wa ziada ndani ya kila mchakato wenye nyuzi, uzi wa meneja, na moja ya kazi zake ilikuwa kurudisha staki za waliokwisha. Ulrich Drepper na Ingo Molnar walipoleta NPTL, maktaba mpya ya nyuzi iliyotegemea uwezo mpya wa Linux 2.6 ya Desemba 2003, meneja aliondolewa na kazi yake ikachukuliwa na sifuri moja inayoandikwa na kiini. Mimi naihesabu kati ya kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa kwenye Linux.

Kiini chenyewe nacho kina staki kwa kila uzi, ya KB 16 kwenye kompyuta za biti 64 za kawaida, na kinakutana na tatizo lile lile: uzi unaokufa hauwezi kufuta staki ya kiini unayoitumia kufa. Njia yake ni kuuweka uzi katika hali ya mfu, kisha kumpisha mwingine CPU kwa mara ya mwisho. Uzi unaofuata kupata CPU, ambao pengine ni wa programu isiyohusiana kabisa na ghala lako, ndio unaokuta kwamba aliyetangulia ni mfu na kuiachia staki yake. Hapo upande wa kiini umekwisha. Haukukudai join wala hautakudai.

Sasa orodha ya vitu ambavyo hakuna mtu atakusafishia mpaka mchakato mzima ufe. Kumbukumbu uliyoomba kwa malloc ni ya mchakato. Kiini hakijui uzi gani uliiomba. Faili ulilofungua kwa open au fopen, pamoja na mlango wa mizani, ni vya mchakato. Na hapa naomba uangalie vizuri msimbo wako: uzito ukishindwa kusomeka, unarudi kwa return pale pale bila kulifunga faili. Ukishatibu ugonjwa wa staki, programu itaishi muda mrefu zaidi, na ndipo utakutana na EMFILE, kosa la mafaili mengi mno yaliyo wazi, kwa sababu kikomo cha kawaida cha mafaili kwa mchakato mmoja ni 1024.

Return hiyo hiyo ndiyo iliyokugandishia nyuzi. Inatokea baada ya pthread_mutex_lock na kabla ya pthread_mutex_unlock. Kufuli la kawaida la pthread ni namba tu iliyoko kwenye kumbukumbu ya programu. Kama hakuna wa kuligombea, uzi unalifunga na kulifungua bila kiini kuitwa hata mara moja, na ndiyo maana ni jepesi. Lakini ndiyo maana pia kiini hakina habari kwamba mfu ameondoka nalo. Nyuzi nyingine zinasubiri kufunguliwa na asiyekuwepo, na zitasubiri hivyo siku zote.

Na hata kiini kingejua, kulifungulia kufuli wengine kimyakimya kungekuwa hatari. Umelifunga kufuli kwa sababu unabadilisha vitu viwili ambavyo lazima viende pamoja: kilo za mzigo na jumla ya ghala. Uzi ukifa katikati, kilo zimeandikwa na jumla bado. Anayefuata akiingia bila kuambiwa, anajenga juu ya hesabu mbovu, na hesabu hiyo ndiyo itakayosomwa siku mkulima anapouliza malipo yake baada ya mnada. Bora programu igande na watu waone kuliko iendelee na kilo za mtu zipotee.

Linux ina aina ya kufuli iliyotengenezwa kwa hali hii, tangu toleo la 2.6.17 la mwaka 2006. Unaiomba kwa pthread_mutexattr_setrobust. Maktaba inakiandikia kiini orodha ya makufuli ya namna hiyo yanayoshikwa na uzi. Uzi ukifa, kiini kinaipitia orodha, kinaweka alama kwamba mwenye kufuli amekufa, na kinamwamsha mmoja wa wanaosubiri. Huyo analipata kufuli, lakini badala ya sifuri ya mafanikio anapata EOWNERDEAD. Wajibu wake ni kukagua data, kurekebisha palipokatika, kisha kuita pthread_mutex_consistent. Akilifungua bila kufanya hivyo, kufuli linaharibika moja kwa moja na wote wanaofuata wanapewa ENOTRECOVERABLE. Kwa programu yako sikushauri uanzie huku. Anza kwa kuirekebisha ile return: peleka makosa yote sehemu moja mwishoni mwa fanksheni, na hapo ufungue kufuli na kufunga faili bila kujali umefikaje.

Kuhusu kuzima na kuwasha: inapona kwa sababu mchakato ukifa, watumiaji wa ramani ya kumbukumbu na wa jedwali la mafaili wanafika sifuri. Hapo kiini hakiulizi nani alifungua nini. Staki zote, malloc zote, mafaili yote yanarudi. Kinachobaki ni kumbukumbu ndogo ya jinsi mchakato ulivyoisha, zombi, mpaka mzazi wake aje kuisoma kwa wait. Na mzazi akiwa ameshakufa, mchakato namba 1 kwa kawaida ndio unaoichukua kazi hiyo. Nimeona ofisi kadhaa huku kwetu zikigeuza kuzima na kuwasha kuwa ratiba ya kila asubuhi na kuridhika nayo. Naipinga kwa nguvu. Msimu wa korosho ukichanganya, magari hayapangi foleni kwa kufuata ratiba ya programu, na mzigo uliokuwa juu ya mizani wakati programu inazimwa ni jasho la mwaka mzima la mtu wa Kitaya au Mahuta.

Wapo watakaokwambia ununue kompyuta ya biti 64. Nafasi ya anwani itakuwa kubwa mno, ni kweli, na kosa litajificha. Halitaondoka. Kiini kina kikomo cha vipande vya kumbukumbu ambavyo mchakato mmoja unaweza kushika, na kwa kawaida ni 65530. Kwenye matoleo mengi yaliyozoeleka, kila staki iliyoachwa inachukua vipande viwili, staki yenyewe na ukurasa wake wa ulinzi. Utafika kama mizigo elfu thelathini na mbili, kisha EAGAIN ile ile itatokea, safari hii pengine katikati ya msimu, wakati hakuna anayekumbuka msimbo ulivyoandikwa.

Tiba ya haraka ni mstari mmoja. Mwanzoni mwa fanksheni ya uzi andika pthread_detach(pthread_self()), au ufungue uzi ukiwa umeshawekewa sifa ya PTHREAD_CREATE_DETACHED. Uwekaji huo utakuvusha wiki hii. Lakini uzi huru una gharama zake. Huwezi tena kuusubiri, na main ikirudi, nyuzi huru zinakatwa zilipo, hata kama moja ilikuwa imefika nusu ya kuandika uzito. Vilevile usiupe uzi huru anwani ya kigeugeu (variable) kilichoko ndani ya fanksheni iliyoufungua. Fanksheni ile inaweza kurudi kwanza, na uzi ukasoma takataka.

Kwa ghala, mimi ningejenga hivi: nyuzi nne zinazofunguliwa mara moja programu inapoanza, na foleni ya mizigo. Mzigo ukipanda mizani unaingia kwenye foleni, uzi wowote usio na kazi unauchukua, ukimaliza unarudi kusubiri mwingine. Hakuna uzi unaozaliwa wala kufa kwa kila mzigo, kwa hiyo hakuna staki za kuvuja. Ukitaka kuzima, weka kwenye foleni alama nne za kuondoka, kila uzi uchukue yake, na main iite pthread_join mara nne kabla haijarudi. Nyuzi ziondoke zenyewe namna hiyo, zikiwa zimefunga mafaili na kufungua makufuli. Usiziue kutoka nje. Java ilipewa Thread.stop mwanzoni kabisa, ikatangazwa kuwa haifai kutumika tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998, kwa sababu ile ile ya data kuachwa nusu.

Umesema mwenzako wa Lindi ataihamishia programu kwenye Windows. Mwambie kanuni ni ile ile kwa majina mengine. CreateThread inampa kishikio (handle), na kiini cha Windows kinatunza kumbukumbu ya uzi uliokwisha mpaka kishikio cha mwisho kifungwe kwa CloseHandle. Kwa kuwa programu ni ya C, afungue nyuzi kwa _beginthreadex ili maktaba ya C ijue kuzisafishia vitu vyake. Asitumie TerminateThread, kwenye Windows XP hata staki ya uzi ulioangushwa hivyo ilikuwa hairudishwi. Makufuli ya aina ya mutex ya kiini cha Windows yanamtambua mwenye kufa, na anayefuata hupewa WAIT_ABANDONED.

Ukimaliza kurekebisha, jaribu kabla ya kupeleka ghalani. Andika programu ndogo ya kujifanya mizani, itume mizigo elfu mbili mfululizo, baadhi ikiwa na uzito usiosomeka makusudi, nawe ukiangalia VmSize na idadi ya vitu ndani ya /proc/PID/fd. Ukianza na tiba ya haraka ya detach, usishtuke VmSize ikipanda kidogo mwanzoni na isirudi chini: maktaba ya C huweka akiba ya staki za kutumika tena, mpaka MB 40, ambazo kwako ni staki tano. Inatakiwa ipande hapo, kisha isimame. Idadi ya vitu kwenye fd nayo isimame. Kama kimojawapo kitaendelea kupanda hata baada ya mzigo wa mia tano, nitumie msimbo mpya pamoja na nakala ya /proc/PID/maps.